Nungunungu na Mitungi Saba

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakiuziana na kutetana sokoni kama tufanyavyo sisi, liliwaka jua lisilo na adabu. Vijito vilikauka, mabwawa yakapasuka kama visigino vya mvivu, kikabaki kisima kimoja tu, nacho kilitoa maji alfajiri peke yake. Asiye na mtungi wa kuyahifadhi alishinda na kiu mpaka kesho yake.

Mfinyanzi hodari wa nchi ile alikuwa Bi Nungunungu. Alianza kufinyanga tangu mvua zikinyesha, wakati mitungi hainunuliwi na mtu, kwa sababu moja tu: aliipenda kazi. Aliukanda udongo mpaka ukalainika, akauinua mtungi, akautia nakshi kwa mwiba wake mwenyewe, akauanika kivulini siku tatu, ndipo akauoka kutwa nzima. Ukimharakisha, alikusimamishia miiba.

Ukame ulipoleta wateja, kila mtu akageuka mfinyanzi. Kima alifinyanga. Ngiri alifinyanga. Mbuni, ambaye hata kiota hajawahi kujenga kikaeleweka, naye alipanga mitungi yake sokoni, yote imeinama kama inayotafuta kitu kilichoanguka. Ilivuja, lakini ilikuwa rahisi, na wanunuzi wakampita Bi Nungunungu kana kwamba ni kisiki.

Ndipo Simba alipotangaza: "Baada ya siku saba nataka mitungi ya maji. Nataka safu ndefu, mgeni akiiona ajue kafika kwa mfalme. Atakayeleta mingi kuliko wote, shimo tunalochimbia udongo wa kufinyangia litakuwa lake peke yake."

Fisi hakuwahi kufinyanga hata kibia. Siku hiyohiyo alianza.

Siku ya sita Sungura, dalali wa soko, alichungulia uani kwa Bi Nungunungu. "Dada Nungu, umeshapata mingapi?"

"Saba."

"Saba! Fisi anayo arobaini na hajachoka. Nimepita kwake, hana hata jivu. Anakausha juani, anapaka ngeu nyekundu na mafuta, basi. Wewe hapo una mibichi ishirini inaanikwa. Ipake rangi, usiku uongeze mingine ya haraka umpite, twende."

"Bila moto?"

"Moto wa nini? Simba haangalii ndani, anaangalia safu."

"Na maji yakitiwa?"

"Yakitiwa, shimo limeshakuwa lako."

Bi Nungunungu alipiga hesabu. Fisi akilipata shimo, hatampa hata donge la kuziba ufa. Mikono yake itabaki ya kujikunia. Akachukua mtungi mmoja mbichi, akachovya kidole katika ngeu. Akautazama. Akauweka chini.

"Sungura, mimi hufinyanga nione maji yametulia ndani. Nikifinyanga cha kuyamwaga, nimefanya kazi gani?"

"Umefanya biashara."

"Basi afanye Fisi. Ondoka, unanizibia mwanga."

"Mapenzi hayapiki uji, dada!"

"Wala chungu kibichi."

Sungura alicheka mpaka akashika masikio. Akaenda zake akiwaza, maana mjanja yule hakuwahi kusimama upande unaoelekea kulowana.

Alfajiri ya siku ya saba wote walikusanyika kisimani. Mitungi ya Fisi ilianzia kisimani ikaishia miguuni pa Simba, myekundu, inang'aa. Kima na wenzake walipoiona walikata tamaa, wakabaki watazamaji. Bi Nungunungu akaja na saba yake.

"Bibi wee," Fisi akacheka, "umeleta mitungi au umekuja kuomba maji?"

Simba alikuwa keshainua mkono atoe hukumu. Bi Nungunungu akasema, "Mtukufu, desturi yetu wafinyanzi, mtungi mpya hauwi mtungi mpaka aliyeufinyanga aujaze, ajitwike, ampelekee aliyeuagiza."

"Desturi za vikongwe!" Fisi akafoka. "Mitungi imeshahesabiwa!"

"Ni kweli, tusimtaabishe Mzee Fisi," Sungura akadakia. "Heshima ya maji ya kwanza apewe Bi Nungu. Yeye na lile paja la nyama."

"Paja gani?" Fisi akauliza.

"Lipo paja kwa mbebaji. Mwenye mtungi mkubwa kuliko yote, mapaja mawili. Si ndivyo, Mtukufu?"

Simba hakuwahi kuisikia desturi hiyo, lakini angekufa kuliko kukiri. "Bila shaka," akanguruma. "Mimi ndiye niliyeiweka."

Fisi alijua fika kwamba mitungi yake ni mibichi. Lakini paja lilimfikia puani kabla akili haijamfikia kichwani. "Ni hatua chache tu," akajiambia. "Nikikimbia utafika." Akaujaza mkubwa pomoni, akajitwika, akatimua mbio.

Kwanza kamchirizi kekundu kakamshuka sikioni. Kisha tako la mtungi likalegea, kichwa kikaingia ndani, mtungi ukamkaa shingoni kama kanzu. Halafu wote ukaporomoka. Fisi akasimama mbele ya mfalme, tope mpaka tumboni, akipepesa macho.

"Mtukufu," akasema, "hili ni jasho tu."

Kima alianguka chini kwa kicheko. Simba akateremka, akatia maji kidogo katika mtungi wa pili, wa tatu, wa nne; kila mmoja ukalala chini kama mlevi. Alipogeuka amtafute Fisi, aliona vumbi tu.

Bi Nungunungu alijaza wake, akajitwika juu ya ngata, akaja taratibu kama ajavyo siku zote. Hakuna tone lililodondoka. Simba akanywa, akasema shimo ni lake.

"Nimelipokea," akajibu. "Kima na wenzake wachimbe tu, mradi waoke. Wingi wao haunitishi."

Kesho yake wateja walijipanga uani kwake. Naye akapandisha bei.

"Aa, dada!" Sungura akashangaa. "Si ulisema kazi unaipenda?"

"Naipenda. Ndiyo maana siigawi bure. Haya, shika mstari kama wenzako."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.