Lango Halisemi

"Lango halisemi, muulize aliyetoka," alisema Mjomba Njiku, na wapwa zake waliokuwa wakipura alizeti uani wakaacha fimbo hewani.

"Methali hiyo imetoka wapi, Mjomba?" aliuliza Tatu, mkubwa wao.

"Imetokea mbele ya macho haya. Nanyi mnanijua: tangu nizaliwe sijadanganywa na kitu king'aacho. Hata mwezi siuamini mpaka kuche. Sikilizeni basi jinsi methali hii ilivyoanza."

Palikuwa na kijana wa hapa hapa Singida, Ntandu, aliyemaliza kidato cha nne akataka kusomea umeme wa jua. Baba yake aliuza alizeti ya msimu mzima, akamwambia, "Fedha ndiyo hii, mwanangu. Ukiitupa, utarudi kwenye jembe, na dada yako atakufuata huko huko."

Mjini vyuo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa na lango la rangi ya dhahabu, na juu yake taa zikiwaka mchana kweupe, kana kwamba jua lilihitaji msaada. Ada yake ingekomba kila kitu. Cha pili kilikuwa mabanda ya bati nyuma ya kinu cha kukamua mafuta. Ada nusu, na kuku waliingia darasani bila kusajiliwa.

Ntandu akachanganyikiwa. Kipeperushi cha kwanza kilisema wahitimu wake wana ajira. Cha pili nacho kilisema vivyo hivyo. Akivutwa na bei nafuu, anakumbuka kuwa rahisi ni ghali. Akivutwa na dhahabu, anauona mgongo wa baba yake shambani. Alikwenda huku, akarudi kule, mpaka muuza karanga wa njia panda akamuuliza kama amepoteza mbuzi.

"Hapo ndipo nilipomshika bega," alisema Mjomba Njiku. "Nikamuuliza, 'Ntandu, mtu wa kwetu akitaka kuoa, humuuliza mama wa binti?'"

"Aa, mama atasifu tu."

"Humuuliza nani?"

"Majirani. Na waliokwisha kuoa nyumba ile."

"Basi hicho kipeperushi ndicho mama wa binti."

Wakaenda kwenye lango la dhahabu. Mlinzi akainua kofia iliyomfunika hadi kwenye nyusi.

"Kaka, habari za kazi?" alisema Ntandu. "Eti waliosoma hapa wanapata ajira?"

"Wanapata. Mimi mwenyewe nilisoma hapa. Umeme wa jua, daraja la kwanza."

"Umeajiriwa wapi?"

"Si unaniona?" Akaligonga lango kwa rungu.

Ntandu akalitazama lango, akamtazama mlinzi, akazidi kupotea. "Na taa hizi, ulizifunga wewe?"

Mlinzi akacheka kama mtu anayeumwa jino. "Vifaa vyetu vya kujifunzia vilifungiwa kabatini visije vikachakaa. Taa hizi zilifungwa na vijana wa mabandani. Hata zikizimika, huitwa wao."

Ntandu akawatafuta vijana hao. Aliwakuta juu ya mapaa ya watu, wakamsalimia bila kushuka, kazi zimewasonga. Akalipa ada mabandani, na fedha iliyobaki ikamsomesha dada yake.

"Hivyo ndivyo nilivyomwokoa," alimaliza Mjomba Njiku, akijinyoosha kitini.

"Ulimwokoa nani?" Mkewe, Sitti, alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. "Ntandu ni kaka yangu, na dada aliyesomeshwa ndiye mimi. Aliyemshika bega siku ile ni mimi. Wewe tulikukuta upande wa pili wa lango."

Tatu akachungulia sebuleni, ambako kofia kuukuu ya mlinzi ilining'inia kwenye msumari miaka yote.

"Mjomba, kumbe ile kofia..."

"Ni ya kukinga jua," alisema Mjomba haraka.

"Daraja la kwanza," alisema Sitti. "Haya wanangu, methali inasemaje?"

"Lango halisemi," waliitikia, kisha wakamgeukia Mjomba wote kwa pamoja, "muulize aliyetoka!"