Kwa Nini Tunasema Karibu Kabla ya Kuona Uso

Anayetaka kusinzia asinzie sasa, ila mwisho asije akauliza. Kulikuwa na zamani ambapo neno "karibu" lilipima njia tu. Kisima kiko karibu, shamba liko mbali, basi. Mgeni alisimama kimya mbele ya mlango, na mwenyeji akamchungulia kwenye tundu lililotobolewa ubaoni, akamkagua kama mbuzi wa mnadani. Akimpenda, alifungua. Asipompenda, alinyamaza mpaka mgeni achoke aende zake.

Katika mji wa Kwamgona aliishi Mwanakheri, mwanamke mwenye huruma sana, kwa wale aliowajua. Binti yake wa pekee, Mize, alikuwa katika uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Mkunga wa mji alikuwa hoi kwa homa, akatuma neno kwa mwenzake wa ng'ambo ya mto.

Jua likiwa utosini, Mwanakheri akasikia nyayo, akakimbilia tunduni. Tundu lilikuwa dogo, likamwonyesha shavu lenye chale, basi. Mengine akayajaza mwenyewe: hawa ndio wa ng'ambo, hawa ndio wanaokula watoto, bibi yake alisema. Wala bibi mwenyewe hakuwahi kuuvuka mto ule. Mwanakheri hakufungua. Ndani Mize akalia.

Yule mgeni, Nyamizi, ndiye mkunga aliyetumiwa neno, alijua ameonwa. Mtu hujua. Ilimuuma, kwa nini isimuume? Aligeuka aende zake, kisha kile kilio kikamrudisha. Akaketi chini, mgongo mlangoni, akasema kwa upole:

"Mama, usinitazame tena. Nisikilize tu. Mpigishe magoti, ajiegemeze kitandani, na asisukume bado."

Mwanakheri aliona aibu, lakini akafanya. Kilio kikapungua. Sauti ikauliza, yeye akajibu. Ikamwelekeza pa kukanda mgongo, ikauliza jina la binti, ikambembeleza Mize kana kwamba ndiyo iliyomlea. Mwisho ikasema:

"Sasa mama, maneno yameishia hapa. Inatakiwa mikono."

Mwanakheri akausogelea mlango. Bibi yake alikuwa bado yumo kichwani, anasema. Lakini hakwenda tunduni. Alishika komeo, akafumba macho, na neno lililomtoka ni lile la kupimia njia: "Karibu."

Alipofumbua macho, mbele yake alisimama mwanamke mchovu wa safari, mwenye machozi ambayo hayajakauka. Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, na mama yake mzima. Mwanakheri akalia begani kwa mgeni, akaomba radhi, na Nyamizi akamwambia ampe maji kwanza, ana kiu tangu mtoni.

Na tangu siku hiyo mgeni husimama kando ya mlango, akatanguliza sauti: hodi. Na mwenyeji, hata mikono ikiwa kwenye unga, hujibu karibu akiwa hajui ni nani. Uso atauona baadaye, mgeni akishaingia.