Jina la Chaki Mlangoni

Mtu mmoja alikuwa na gari la mashindano, na gari lilikuwa na mlango, na juu ya mlango paliandikwa jina la dereva. Mtu huyo aliitwa Kihwele. Alikuwa na gereji katika mji mmoja wa nyanda za juu, huko ambako watu huvaa makoti hata mchana, na gari lake alilipenda kuliko alivyopenda usingizi. Lilikuwa jeusi, weusi usiong'aa, kama ubao wa darasani.

Katika mashindano yale ilikuwa desturi jina la dereva liandikwe kwa rangi kwenye mlango wake, chini ya dirisha, ili watu waliosimama kando ya barabara wajue nani wa kumshangilia na nani wa kumzomea. Msoma ramani naye, yule anayekaa kushoto na kumsomea dereva njia iliyo mbele, huandikwa kwenye mlango wa upande wake. Msoma ramani wa Kihwele alikuwa mwanamke aitwaye Tukuswiga. Jina lake liliandikwa siku ile ile gari lilipofika, na hakuna aliyewahi kufikiria kulifuta, kwa sababu gari likishindwa watu humlaumu aliyeshika usukani. Aliyeshika karatasi hawamkumbuki.

Upande wa dereva mambo yalikuwa mengine. Kihwele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Gari likirudi bila kikombe, alibadilisha dereva, kama mtu anayebadilisha kijiko kwa sababu mchuzi umezidi chumvi. Fundi rangi alifuta na kuandika, akafuta tena na kuandika tena, na baridi ya kule haikaushi rangi upesi. Safari moja dereva aitwaye Jabiri aliachishwa kazi rangi ya jina lake ikiwa bado mbichi. Alipoinama kuchukua viatu vyake garini aliegemea mlango, akaenda nyumbani na nusu ya jina lake kwenye shati. Mkewe alilitazama lile shati, akasema, "Haya, angalau safari hii umerudi na kitu."

Habari hiyo ilimfikia Kihwele, akaona kweli rangi inamchelewesha. Akanunua boksi la chaki nyeupe na dasta. "Chaki haingoji kukauka," aliwaambia mafundi wake, na mafundi wakaitikia kwa vichwa, maana ndiye aliyewalipa. Tangu siku hiyo akawa anaandika majina mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa kumezewa mate, na dasta akaiweka katika mfuko wa koti. Siku za mashindano alisimama kwenye mstari wa kumalizia akiipigapiga ile dasta pajani bila kujua kwamba anaipiga, hata suruali yake ikafanana na ya muuza unga.

Wa kwanza kuandikwa kwa chaki alikuwa Lutengano. Huyu alijifunza kuendesha kwenye barabara za mashamba ya chai, matope matupu, na zamani watu walisema kwamba gari likimwona linajiwasha. Lakini miaka ya karibuni mambo yake yalikuwa yameharibika. Timu mbili zilikuwa zimemwacha, na sasa aliendesha lori la kiwanda cha mbao, kupanda mlima kwa gia ya kwanza na kushuka kwa gia ya kwanza. Kihwele alipomwita alitokwa na machozi, akasingizia vumbi la mbao. Kisha akaliona jina lake mlangoni, jeupe, limenyooka. Akapitisha kidole karibu nalo bila kuligusa.

Njia ya mashindano ilikatiza kijito. Hapo ndipo watu walipopenda kusimama, kwa sababu gari likipita kwa kasi maji huruka juu na kila mtu hulowa, na kulowa ndiyo raha waliyoifuata. Magari mengine yalipita, watu wakalowa, wakapiga mayowe. Likaja gari jeusi la Kihwele. Lilipoufikia ukingo, Lutengano akakanyaga breki. Akavuka polepole, kama mtu aliyebeba trei la mayai kichwani. Hakuna aliyelowa hata ukucha.

"We dereva!" mama mmoja alimpigia kelele. "Shuka uvue viatu, tukushike mkono tukuvushe!"

Tukuswiga aligeuza karatasi yake juu chini, akaigeuza tena. "Kaka, nilisoma 'maji, moja kwa moja.' Hapa hapajaandikwa 'maji, pole kwa pole.'"

Lutengano aliendelea kuvuka polepole. Walipomaliza, madereva wengine walishuka wakakimbilia kutazama saa. Yeye alishuka akakimbilia kutazama mlango. Jina lilikuwepo lote, halijapotea herufi. Akashusha pumzi. Kihwele akaja na dasta, akalifuta.

Akamrudisha Jabiri. Na Jabiri, ambaye tayari alikuwa amewahi kulivaa jina lake kwenye shati, alikuwa mwangalifu zaidi. Gari likisimama alilitafutia mahali penye paa, jina lisipate mvua. Mkewe alimpa mwavuli. Alipofika kwenye kijito alifikiri kwamba akiingia upande upande, maji yatarukia mlango wa Tukuswiga, na wa kwake utabaki mkavu. Akakata usukani. Gari likazunguka, likaingia majini kinyumenyume, likazimika. Watu walishuka kulisukuma, wakicheka hadi nguvu zikawaishia, ikabidi wapumzike kwanza. Jina la Jabiri lilifika mwisho wa njia likiwa safi kabisa. Lilikuwa la mwisho kufika, lakini lilikuwa safi.

Hapo Kihwele akaketi, akashika kichwa. "Vijana wangu hawana ari," alisema. Akawakusanya wote, walioandikwa na waliofutwa, akawapa mayai ya kuchemsha na asali, akawahubiria. "Jiaminini! Mtu asiyejiamini hafiki popote! Nataka niwaone hamwogopi kitu!" Na kila aliposema neno la kutia moyo aliikung'uta dasta kwenye kiganja, na vumbi jeupe likawashukia waliokaa mbele, nao wakakohoa. Aliyekohoa alidhaniwa anaitikia.

Yakaja mashindano ya mwisho ya mwaka. Kihwele alitafuta dereva mpya mjini kote. Mmoja alisema mgongo unamsumbua. Mwingine, aliposikia habari za chaki, alisema daktari amemwambia ana pumu. Basi akamrudia Lutengano, akamwandika asubuhi ya siku yenyewe, akamwambia, "Hii ndiyo ya mwisho. Nikikufuta leo, sikuandiki tena." Wala hapakuwa na mwenye gari mwingine ambaye angemwandika. Lutengano alilijua hilo. Alilijua kama alivyolijua lile lori la mbao, na kiti chake chenye shimo.

Zamu yao ilipokaribia, mvua ikaanza kunyesha. Ilikuwa mvua ndogo, ya kunyunyiza tu. Lutengano akafungua dirisha, akatoa mkono wa kulia nje, akaufunika juu ya jina lake, kama mtu anayekinga mshumaa.

"Kaka," Tukuswiga alisema, "utaendesha kwa mkono gani?"

"Huu mmoja unatosha."

"Unatosha kula ugali."

Wakaanza. Kila alipotaka kubadilisha gia ilimbidi auachie usukani, na kila alipouachia gari lilichagua njia lenyewe. Kona ya kwanza waliikata kupitia shamba la viazi. Kona ya pili mbuzi waliwapisha kwa heshima. Mvua ikazidi. Tukuswiga alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya msiba. Karibu na kijito barabara iliteremka ghafla, Lutengano akahitaji mikono miwili kwa lazima, akaurudisha ndani ule wa kulia.

Kiganja kilikuwa cheupe chote. Maji meupe yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Akatoa kichwa dirishani akatazama. Mlango ulikuwa mweusi tupu. Mvua isingeweza kulimaliza jina upesi hivyo. Mkono wake ndio ulioliondoa, kwa kule kulikinga.

"Limekwisha," alisema.

Tukuswiga alikitazama kile kiganja. Akamtazama na yeye. Kisha akanyoosha karatasi yake. "Basi hata dasta haina kazi tena, kaka. Maji, mita mia, moja kwa moja."

Lutengano akaanza kucheka. Akafuta kiganja kwenye ovaroli, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akakanyaga mafuta. Gari liliingia kijitoni kama ng'ombe aliyeona nyumbani. Maji yalipanda juu ya paa, yakawafunika watu wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, matope yaliingia ndani yakampaka dereva kuanzia kidevu hadi kwenye nyusi. Yule mama aliyemwambia avue viatu alilowa hadi kilemba. Alisimama akichuruzika maji, akauliza waliokuwa karibu, "Huyu naye ni nani?"

Hawakuwa wa kwanza. Walikuwa wa tatu, na gari la Kihwele halikuwa limewahi kuwa hata la saba. Kihwele alikuja mbio, dasta mkononi kwa mazoea, akakuta watu wawili wa udongo wanashuka garini. Mtangazaji akamfuata na kipaza sauti. "Mwenye gari, hongera! Dereva wako nani?"

Kihwele akafungua kinywa. Alijua kwamba asubuhi aliandika jina. Lakini alikuwa ameandika mengi mwaka ule, na ameyafuta mengi, na uso uliokuwa mbele yake ulikuwa matope yenye macho mawili. "Ni... huyu ni..." alisema. Akatazama mlangoni apate msaada. Mlangoni hapakuwa na kitu.

"Si uliandika mwenyewe, bosi?" Tukuswiga alimwambia. "Soma."

Watu wakaangua kicheko. Mtangazaji alikuwa na haraka. Akazunguka upande wa pili, akakuta jina lililoandikwa kwa rangi, halijaguswa na mvua, akalitangaza kwa nguvu zake zote: "Tukuswiga!" Uwanja ukavuma. Tukuswiga hakusita. Akainua mikono, akapokea kikombe cha wa tatu, akakibusu. Lutengano alicheka hadi matope yakampasuka mashavuni.

Kihwele peke yake hakucheka. Alikuwa na aibu ya mtu aliyeulizwa jina la mwanawe mbele za watu akalikosa. Alimsogelea yule mtu wa udongo, akamfuta uso kwa mkono wa koti lake, taratibu, mpaka akamjua.

Jumatatu akamwita fundi rangi. Fundi akauliza, "Nichanganye ile ya kukauka upesi?"

"Hapana," Kihwele alisema. "Ile ya kawaida. Tutasubiri."

Dasta aliipeleka shule iliyo jirani na gereji. Huko inafuta hesabu zilizokosewa, na watoto waliozikosea wanabaki kwenye madawati yao.

Mwaka uliofuata, katika mashindano ya kwanza, Lutengano alivuka kijito kwa kasi ya kutisha, akafika kwenye kona iliyo mbele yake, akagonga kichuguu. Walikuwa wa mwisho. Alishuka, akasimama kando ya mlango. Kihwele akaja. Mkono wake ukaingia katika mfuko wa koti, kwa mazoea, na waliokuwa karibu wakaona bega la Lutengano likishuka. Lakini mfukoni hamkuwa na dasta. Mlikuwa na karanga. Kihwele akatafuna moja, akamimina nyingine katika kiganja cha Lutengano, akavuta tairi kuukuu akalikalia.

"Haya," alisema, "keti hapa, uniambie kona ile ilikuwaje."

Nanyi mnaonisikiliza, mna watoto, mna wafanyakazi, mna wake na waume, na wote hao siku moja watagonga kichuguu: je, mkitia mkono mfukoni siku hiyo, mtatoa karanga au mtatoa dasta?