Mtoto Jike wa Mheshimiwa

Sogeeni karibu, hasa ninyi mnaopenda kubishana. Mtu anayekubali kila anachoambiwa hadithi hii haitamfaa, bora akalale.

Bondeni Lukwale, kwenye milima ya Mbinga, aliishi mjane mmoja aitwaye Huberta Kapinga. Alikuwa na nguruwe jike mkubwa, mwenye tumbo la kuburuza na mwendo wa mtu asiyeharakishwa na yeyote. Kwa mwendo huo, watu walimwita Mheshimiwa.

Nyumbani kwa Huberta walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Otmar, mdogo wake, alikuwa mlaji mkubwa wa kitimoto ambaye hajapata kufuga hata nguruwe mmoja, lakini alijua nyama. Angeitazama ikining'inia buchani akakuambia nguruwe alilishwa nini. Winfrida, mkwe wake, mke wa mtoto mkubwa aliyekuwa dereva Songea, alikuwa na msimamo. Akisema hapana, hata mumewe alitafuta habari nyingine ya kuzungumza. Na Kastori, kitinda mimba, alikuwa na mikono. Alichojenga yeye hakikuyumba.

Basi binti yake Huberta akajifungua huko Songea, na mama akaitwa kwenda kumlea mzazi. Mheshimiwa naye alikuwa na mimba. Huberta alisimama mlangoni na mfuko wake, akawaambia wote watatu, "Namwacha Mheshimiwa mikononi mwenu. Atakayenilindia huyu mpaka nirudi, mtoto jike wa kwanza ni wake." Hakumtaja mtu jina. Akapanda basi akaenda zake.

Haukupita muda, Otmar akaenda buchani kwa rafiki yake Longino, akakuta nyama imeshuka bei mno. Watu wamejaa, wanacheka, kila mtu na kifurushi chake. Otmar naye akabeba kikubwa. Akiwa njiani, mate yamemjaa, akaanza kujiuliza: nyama inashukaje bei na sikukuu iko mlangoni? Akafungua kifurushi, akaona ngozi ina mabaka mekundu yanayoelekea zambarau. Akageuka, akarudi buchani.

"Longino, nguruwe huyu katoka wapi?"

"Watu wa bonde la pili wanauza haraka haraka, kaka. Sijui wana shida gani."

Otmar aliijua shida yao. Ilikuwa homa ya nguruwe. Binadamu haimdhuru, lakini nguruwe ikimpata haina dawa wala chanjo. Na kwa Huberta, kama ilivyo katika kila nyumba pale Lukwale, maji yaliyooshea nyama humwagwa kwenye ndoo ya makombo, na ndoo ile huenda bandani. Kifurushi kingefika jikoni, Mheshimiwa angeyanywa maradhi pamoja na pumba zake.

Otmar akasimama mbele ya bucha, akawaeleza watu wote. Kisha akachimba shimo refu, akaizika nyama yake, na nasikia alikaa pembeni ya shimo kwa muda kama mfiwa. Bwana mifugo alipofika akathibitisha ugonjwa na kutangaza karantini, bucha ikafungwa. Longino na Otmar walikua pamoja, wakachunga pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Tangu siku ile Longino hajamsemesha.

Habari ilipofika nyumbani, Winfrida alifunga lango. Homa hii hutembea kwenye viatu vya watu, na Lukwale watu hawaachi kutembeleana hata kwa sababu ya mvua. Mnunuzi wa nguruwe alikuja na mabuti yake yenye matope ya kila banda, akarudishwa. Jirani alikuja kuazima jembe, akarushiwa jembe juu ya lango. Kwaya iliyozoea kufanyia mazoezi uani kwao ikaimbia barabarani, na sauti ya nne ikalalamika kwamba jua ni kali.

Halafu akaja mama yake mzazi Winfrida kutoka ng'ambo ya mto, bondeni humo humo. Nguruwe wake wote walikuwa wamekwisha kufa, na alikuja kwa mwanawe ili afarijiwe.

"Fungua, mwanangu."

"Mama, siwezi. Umetoka bandani na viatu hivyo."

"Nimekuzaa mimi, leo unanifungia lango?"

"Si wewe, mama. Ni viatu vyako."

Alimtolea kiti, akampitishia ugali na mboga juu ya lango. Mama hakula. Alikaa kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaondoka bila kuaga. Winfrida alilia mpaka kichwa kikamuuma, lakini lango hakulifungua. Mama yake hajarudi kumtembelea mpaka leo.

Lango linazuia watu tu. Nguruwe haangalii lango. Wale wa majirani waliokuwa wagonjwa, wenyewe wamekata tamaa na kuacha kuwalisha, walianza kuzurura kutafuta chakula. Walifika hadi kwenye uzio wa banda, wakitaka kugusana pua na Mheshimiwa, naye kwa kuwa hakuwa na maringo kama jina lake, alikuwa anawajongelea.

Kastori akaona uzio mmoja hautoshi. Alikuwa na miti yake aliyoikata na kuikausha kwa ajili ya kujenga nyumba, maana baba yake Desideria, msichana aliyetaka kumwoa, alisema hatamwoza binti yake kwa kijana asiye na mlango wake mwenyewe. Kastori aliichukua miti ile yote, akajenga uzio wa pili nje ya ule wa kwanza, akaacha nafasi katikati ambayo pua haivuki. Akalishughulikia banda mwenyewe, akimlisha Mheshimiwa majani ya viazi ya shambani kwao tu. Baba Desideria alipopita barabarani aliuliza, "Kijana, nyumba iko wapi?"

"Imemzunguka nguruwe, mzee."

Mzee hakucheka. Lakini nguruwe mgonjwa wa jirani alikuja kufia kwenye uzio ule wa nje, kichwa kikielekea bandani. Isingekuwa miti ya Kastori, angefia miguuni mwa Mheshimiwa.

Huberta alirudi, akashuka basi, akalivuka bonde zima bila kusikia nguruwe hata mmoja akilia. Alipofika kwake akavuliwa viatu langoni, kisha akamkuta Mheshimiwa amelala ubavu, mzima, na watoto wamejipanga wananyonya huku wakisukumana. Alikaa chini pale pale akacheka na kulia. Akawakumbatia wote watatu, akawaita wanangu, hata Otmar mwenye mvi.

Kisha akawakagua watoto. Madume matupu, na jike mmoja tu.

"Dada," alisema Otmar, "bila mimi hawa wasingejua kama kuna homa ya kujilinda nayo. Nipe nimfuge. Nataka siku moja nimpelekee Longino nguruwe mzima, mwenye afya, afungue bucha yake. Labda atanisalimu."

"Mama," alisema Winfrida, "mjomba alileta habari tu. Habari haizuii viatu. Nipe nimvushe mto, nimweke kwenye banda la mama yangu lililo tupu, likishapigwa dawa. Sina maneno mengine ya kumwomba radhi."

"Mama," alisema Kastori, "viatu vilizuiwa, ni kweli, lakini ugonjwa ulikuja pia kwa miguu minne. Miti yangu imekwisha. Nikiwa na huyu nitakuwa na cha kumwonyesha baba Desideria, maana ameanza kupokea wageni wengine wa posa."

Najua mnataka kusema wamfuge kwa pamoja. Huberta naye alisema hivyo. Winfrida akamjibu, "Nguruwe wa watu watatu, mama, kila mmoja atadhani mwenzake kamlisha." Mkisema wasubiri uzao ujao, Mheshimiwa ni mzee, hakuna ajuaye kama atazaa tena. Mkisema wakanunue kwingine, karantini hairuhusu nguruwe kuingia wala kutoka bondeni, na hakuna anayejua itaondolewa lini.

Mtoto jike akakua, akaacha kunyonya. Huberta akamfunga kamba mguuni, akamtoa nje ya uzio. Kwao ukimkabidhi mtu kamba ya mnyama, mnyama ni wake, wala hairudishwi. Amesimama sasa, mtoto anavuta huku na huku. Mbele yake kuna mikono mitatu iliyonyooshwa, na anawapenda wote watatu sawasawa.

"Nikimpa mmoja," anasema, "wawili nimewaonea."

Mimi na mke wangu tumebishana juu ya kamba hiyo mpaka chakula kikapoa, na bado hatujakubaliana. Haya, wewe uliyesikia yote: ungeiweka mkononi mwa nani, na wale wawili waliobaki ungewatazamaje usoni?