Jamanda la Pembe Nne

"Mkono unaofumua hausuki." Saumu kaambiwa hivyo leo na mama yake, nanyi mkacheka, halafu mkaja mbio kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni. Lina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni wivu.

Palikuwa na msusi akiitwa Mashavu. Kijijini kwao, bi harusi hatoki nyumbani mpaka nguo zake zitiwe kwenye jamanda, lile kapu gumu la ukindu lenye kifuniko. Na aliyelisuka ndiye anayelibeba kichwani, anatangulia harusi nzima, huku wanawake wanamwimba kwa jina lake. Miaka kumi na miwili jina lililoimbwa ni Mashavu tu.

Akaja kuolewa pale binti mmoja, Hidaya. Naye anasuka. Lakini majamanda yake, jamani! Moja lina tumbo kama boga. Jingine limekaa kama njiwa, mgongo wake ndio kifuniko. Halafu akatoa la pembe nne, limesimama wima kama sanduku la mbao, wala ndani halina hata kijiti. Watu wakawa wanakwenda kutazama tu, hata wasio na haja nalo.

Mashavu chakula kikawa hakishuki. Akisikia watu wanacheka njiani, anajua wanatoka kwa Hidaya.

Bi Nunu akawa anamwoza mwanawe wa kike. Siku ya Jumanne akawaita wasusi wote wawili. "Kila mtu asuke lake. Ijumaa asubuhi nitapita kwenu, bi harusi achague."

Mashavu akarudi nyumbani, akatia ukindu wake kwenye chungu cha maji ulainike. Ukindu unalowekwa usiku mmoja tu, kila msusi anajua. Ila moyo ukamwambia, kwanza ijue siri ya lile la pembe nne. Akaenda kwa Hidaya.

"Shoga, niazime lile la pembe nne. Nina wageni, nataka nitie kanga zangu."

"Chukua, dada. Si kapu tu?"

Kapu tu! Neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

Akajifungia ndani. Akafumua mshono wa kwanza aone pembeni kumefichwa nini. Hamna kitu. Akafumua wa pili. "Kaficha chini, yule," akasema, akaendelea. Hakupika, hakuchungulia chungu. Alhamisi jioni akafika kitakoni, akakuta ukindu mtupu, kama wake. Akajaribu kulishona tena. Pembe zikalala.

Ijumaa hodi ikabishwa. Bi Nunu, mwanawe, na Hidaya na jamanda lake jipya mkononi.

"Mashavu, tumefuata jamanda," Bi Nunu akasema. Akaona rundo kwenye mkeka. "Ndilo hili?"

"Hilo la Hidaya."

Hidaya akainama, akaokota kipande. "Langu? Limekukosea nini, dada?"

"Nilikuwa natafuta ulichotia kwenye pembe."

"Si ungeniuliza! Nazifunga kamba zikiwa mbichi, naziacha zikauke. Basi."

"Na lako liko wapi?" Bi Nunu akauliza.

Mashavu akatazama chungu. Bi Nunu akakifunua, akarudi nyuma kaziba pua. Ukindu umeoza, unateleza kama mlenda.

"Siku tatu, mwanamke! Huo mkono ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa unafumua."

"Basi ndiyo hivyo. Mkono unaofumua hausuki."

Bi harusi akaweka kiganja juu ya jamanda la Hidaya.

Jioni harusi ikapita mlangoni kwa Mashavu. Jina linaloimbwa ni Hidaya. Mashavu kasimama dirishani anatazama lile jamanda linavyokwenda kichwani pa mwenzake, watu wanalipigia vigelegele, na mnajua alisema nini?

"Kifuniko kimepinda."

Hakuwa na mtu wa kumwambia, alikuwa peke yake. Na huku anasema, vidole vyake vinavuta uzi kwenye upindo wa kanga yake mwenyewe, vinavuta, vinavuta, mpaka ngoma ilipofika mbali upindo wote ulikuwa umeachia.

Saumu naye leo kashinda anahesabu makosa ya mkeka wa mwenzake. Wake uko wapi? Nendeni mkautazame, bado ni majani. Mkono unaofumua hausuki.