Kwa Nini Gari la Mbaramwi Huulizwa Linakunywa Nini

Waraka wa Ndani Na. 9: Usawazishaji wa Rangi ya Kimiminika cha Kupoozea Injini katika Magari ya Halmashauri ya Mbaramwi, Awamu ya Kwanza. Awamu ya pili haikuwahi kuja. Waraka huo niliuchapa mwenyewe nilipokuwa karani wa masjala. Ninyi madereva wapya mnashangaa kwa nini mama muuza ndizi wa Kona ya Saba, akiona boneti imefunguliwa, huuliza “Linakunywa nini?” kabla hata ya kuitikia salamu. Jibu lenu limo humo.

Hapo kale gari la Mbaramwi lilikunywa chochote. Dereva alichota kisimani, mtoni, hata kwenye birika la chai iliyopoa, akamimina kwenye rejeta na kumshukuru Mungu. Maji yale yaliacha chokaa ndani kama sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga, kutu ikala mabomba, na kila gari lililopanda kwenda hospitali ya mlimani lilichemsha kwenye kona ya saba kati ya zile kumi na nane. Akina mama wa pale walikaa na ndoo tayari, wakiuza maji. Watu waliona kuchemsha ni tabia ya magari, kama kucheua kulivyo tabia ya ng’ombe.

Kisha halmashauri ikapata magari tisa mapya, ya watengenezaji mbalimbali, na kila moja lilikuja na dawa yake ya rejeta, ile tunayoiita kulanti. Mengine yalikuwa na ya kijani, mengine ya buluu, na gari la wagonjwa lilikuwa na ya waridi. Mwaka mzima hakuna lililochemsha. Akina mama wa Kona ya Saba wakaweka ndoo chini, wakaanza kuuza ndizi.

Amani hiyo ilivunjwa na mkaguzi. Alipita siku moja, akafungua boneti, akaandika maneno manne: “Rangi za kulanti hazifanani.” Afisa Usafirishaji wetu, Bwana Shekiondo, alikuwa mtu mwema asiyeweza kulala palipo na vitu visivyofanana, alikwisha kusawazisha mapazia ya ofisi na vikombe vya chai. Akaamuru kila gari liongezewe kulanti ya kijani mpaka kijani kishinde. Ikaundwa kamati ya watu watano, na wa sita wa kushika kadi ya rangi.

Dereva wa gari la wagonjwa aliitwa Namkunda. Alikuwa na ugonjwa wa kusoma: kitabu cha gari alikwisha kukimaliza mara tatu. Alikuja ofisini nacho, nami nilikuwepo nikisubiri saini.

“Shikamoo, Afisa.”

“Marahaba, Namkunda. Gari lako bado jekundu.”

“La waridi, baba. Na rangi ni nakshi tu, kila kiwanda kinatia yake. Kinachotakiwa ni aina ya dawa. Kitabu kinasema hii isichanganywe na nyingine, zikikutana zinaganda.”

“Kitabu hicho kimesainiwa na nani?”

“Na waliotengeneza gari.”

“Hao si watumishi wa halmashauri.”

“Na wajawazito ninaowapandisha mlimani, baba, nao nikawaambie hivyo?”

Bwana Shekiondo akampa hadi Ijumaa: gari liwe kijani, au arudishe ufunguo. Hapo Namkunda akafanya jambo ambalo masjala bado tunalizungumzia kwa heshima. Hakugomba wala hakulia. Aliomba fomu. Ilikuwa Fomu ya Maombi ya Kuahirishiwa Utekelezaji, inayohitaji saini saba, na kanuni zetu ziko wazi: jalada likiwa njiani, gari haliguswi. Nililipeleka jalada lile kwa miguu yangu mwenyewe, na siku hizo goti lilikuwa likinisumbua sana.

Magari manane yaliyobaki yakasawazishwa. Ya buluu na kijani haikuwa kijani, ikawa rangi ya maji ya mfereji; kamati ikaandika “kijani iliyokomaa.” Baada ya wiki tatu fundi wetu, Mzee Mbazi, akafungua mfuniko wa gari la kilimo lililopoa, akachovya kijiti, kikatoka na kitu kizito. “Huu ni uji,” alisema. “Umekosa sukari tu.” Kamati ikaahidi kulijadili.

Jalada lilikuwa limekwisha kupata saini tano siku Mboni, binti wa Bwana Shekiondo, aliposhikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na mkunga alisema wazi: hospitali, sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine mlimani tangu asubuhi, kwa hiyo baba mtu akamtia binti yake kwenye gari la ofisi, lile la kijani iliyokomaa, wakaondoka kwenye jua la saa sita.

Kona ya Saba likachemsha. Mvuke ukapanda, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu, na Mboni akawa anauma kona ya kitenge. Bwana Shekiondo akaomba ndoo ya maji, akaukabili mfuniko kwa mikono mitupu.

Ndipo Namkunda akashuka kona, akirudi. Alisimamisha gari, akaruka.

“Baba, usifungue! Litakuunguza uso!” Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza barabara ile: “Kwanza hili linakunywa nini?”

Bwana Shekiondo, yeye aliyesaini waraka, akaiweka ndoo chini.

Wakamhamisha Mboni. Namkunda akageuza gari, akapanda. Kona ya nane mshale ulikuwa katikati. Kona ya kumi na mbili, katikati. Alipiga honi kila kona, na akina mama wa ndizi, waliosikia honi ikipanda juu zaidi na zaidi bila kukatika, wakaanza vigelegele ambavyo, nasikia, vilifika bondeni kabla ya habari. Kona ya kumi na nane mshale ulikuwa katikati bado, umetulia kama bwana harusi aliyekwisha kukubaliwa.

Jalada la Namkunda lilipata saini mbili zilizobaki jioni ileile, zote za Bwana Shekiondo, moja akiwa anakaimu.

Na tangu siku hiyo, Mbaramwi, boneti ikifunguliwa haitolewi ndoo kabla ya swali. Na tangu siku hiyo kila gari limeandikwa ndani ya boneti kwa rangi nyeupe jina la dawa yake, si rangi yake, na tarehe ya kuibadilisha kama kitabu kinavyotaka. Asiyejua gari lake linakunywa nini husubiri kivulini, injini ipoe, akila ndizi na kusimangwa.

Jaladani imeandikwa kwamba Waraka Na. 9 ulisitishwa “kufuatia tathmini shirikishi.” Kilichotokea ni hiki: magari manane yalichanganyiwa dawa yakaharibika, moja halikuchanganyiwa likapanda mlima, na Mboni akajifungua salama.