Ukurasa Uliolala Chini ya Kinyesi cha Popo

Hebu fumbeni macho, wanangu. Tuko mjini, mbele ya jengo la zamani la gazeti. Mlango umeoza. Ndani kuna matumbo ya samaki, nepi chafu, mkojo, na kinyesi cha popo kinachofika magotini. Mnaisikia harufu? Popo walileta chao tu. Mengine yote yaliletwa na majirani, watu wenye sabuni nyumbani kwao. Kwa miaka thelathini walipita hapo, wakatupa, wakatema mate, wakaenda zao.

Halmashauri ikatangaza kwamba jengo hilo halina mwenyewe, na Ijumaa litabomolewa.

Watu watatu hawakukubali. Bi Mwanakheri, mfagizi wa soko, hakuna uchafu uliowahi kumshinda. Mhando, mchukuzi, hubeba mzigo wa watu wanne bila kuutikisa. Mzee Shekilindi alikuwa fundi wa kupanga herufi katika gazeti hilo. Sasa haoni, lakini vidole vyake bado vinasoma.

Mzee aliwaambia kwamba siku gazeti lilipofungwa, ukurasa mmoja ulibaki umepangwa kwa herufi za madini ya risasi ndani ya fremu ya chuma, haujachapwa. Ulikuwa na tangazo la mwenye jengo. Lilisema nini? Hakukumbuka.

Mwanakheri akaingia na koleo. Alichota kinyesi siku mbili, funza wakimpanda mikononi. Mhando alitapika mlangoni, kisha akamtania, "Dada, pua umeiacha nyumbani?"

"Ninayo. Yako ndiyo imekimbia."

Siku ya tatu koleo likagonga chuma.

Mhando akafunga pua kwa kanga, akaingia. Kamba zilizoshika herufi zilikuwa zimeoza. Fremu ingetikisika kidogo tu, maneno yote yangemwagika. Akaiinua, nzito kuliko gunia la saruji, akatoka nayo hatua kwa hatua. Funza alimtembea shingoni. Hakujikuna.

Mzee Shekilindi akapapasa. Herufi za risasi hukaa kinyume, kama maandishi kwenye kioo, na nyingi zilikuwa zimelika. Akasoma polepole: "Jengo hili ninawapa wakazi wa mji, liwe maktaba ya watoto." Chini palikuwa na namba ya hati. Alhamisi hati ikapatikana mahakamani.

Jengo likapona. Siku ya sherehe majirani walewale walikuja wamejipulizia manukato, wakapiga picha. Mmoja alitema mate kwenye ngazi.

Halmashauri ikatoa chumba kimoja cha mbele, aliyeliokoa jengo akae humo maisha yake yote. Mwanakheri analala kwenye kibanda kinachovuja. Mhando anamuuguza mama yake ndani ya stoo ya duka. Mzee anataka kufia pale alipofanya kazi ujanani.

"Bila koleo langu mngebeba nini?" aliuliza Mwanakheri.

"Na ningejikuna, Mzee angesoma nini?" akasema Mhando.

Mzee akatabasamu. "Nisingesoma, mngekuwa na chuma chakavu tu."

Je, wanangu, ninyi chumba mngempa nani? Na mkishaamua, naomba mkumbuke jambo moja: hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyewahi kutupa taka mle.